Darasa linaimba au linasoma? Namna ninavyofundisha kusoma huku Pemba

Walimu wenzangu, hasa nyie mlopangiwa darasa la kwanza na la pili mwaka huu na saa hizi mmeshika tama, hebu kaeni kidogo niwape yale ninayoyafanya mie darasani kwangu. Si kwamba mie bingwa, hasha, ila nimekosea mengi, na mtu akikosea mengi hakosi mawili matatu ya kumwambia mwenzake.

Nianze na lile kosa langu kubwa. Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la pili, watoto 70 na ushei, na lilikuwa linasoma hilo! Nikigonga ubao tu wote kwa pamoja, sauti inafika barabarani, wapita njia wanageuza shingo. Nikajiona mwalimu. Siku hiyo nikamwita kijana mmoja mbele, hodari, sauti yake ndo inayoongoza wenziwe, nikampa kitabu asome ukurasa wa mbuzi. Akaanza, mbuzi wa babu kafungwa chini ya mwembe, safi kabisa, hana hata kigugumizi. Upepo ukaingia dirishani ukafunua ukurasa, sasa picha ilokuwepo ni ngalawa na wavuvi wanavuta nyavu, na yeye huyooo anaendelea, mbuzi kala majani, mbuzi kakata kamba, na kidole anakipitisha juu ya maneno ya ngalawa. Darasa zima likacheka. Mie sikucheka, mana nilijua hapohapo kuwa miezi mitatu yote ile nilikuwa nafundisha wimbo.

Sasa usimlaumu mtoto. Watoto wetu wanapelekwa chuoni kusoma Kurani wana miaka minne mitano, na kule kuhifadhi ni sehemu kubwa ya kazi, mtoto anashika sura nzima kwa sikio kabla hajaijua alif wala be. Hiko ni kipaji, wala mtu asikidharau, lakini akija skuli anatumia chombo kilekile, wewe unasoma mara tatu yeye keshashika, ya nini kuhangaika na herufi? Kwa hiyo kosa la kwetu sisi tunaosimama mbele tukasema "someni wote!" halafu tukaridhika na kelele.

La mwanzo basi ni kujua nani anasoma nani anaimba. Mie natumia vitu viwili na vyote havina gharama. Cha kwanza ni kidirisha. Chukua karatasi ngumu, kadi ya harusi ya zamani inafaa sana (na nani hapa kwetu hana kadi za harusi zimejaa kabatini), ukate katikati kitundu cha kuenea neno moja tu. Weka juu ya ukurasa, mtoto anaona neno moja, mengine yote yamefunikwa. Usianzie juu, anzia katikati ya ukurasa, ruka, rudi nyuma. Anayeimba atakwama palepale na atakutazama usoni badala ya kutazama kitabu, ukiona macho yamehamia usoni kwako ushajua.

Cha pili nakipenda zaidi. Chukua sentensi waloizoea mpaka wamechoka, mfano "Mama anapika wali", halafu iandike ubaoni umebadilisha herufi moja tu: "Mama anapiga wali". Usiseme kitu. Wanaoimba watasema anapika, wanaosoma watacheka, wengine watabisha, "mwalimu umekosea!", na weye andika majina ya walocheka. Siku nyengine badilisha neno zima, fanya "Babu kapanda ndege" badala ya "Babu kapanda ndizi". Wanakuwa wanakuja asubuhi wanatafuta kosa la mwalimu ubaoni kabla hawajaweka mikoba, yani wanasoma bila kuambiwa wasome.

Cha kidirisha huwezi kuwafanyia wote siku moja, usijidanganye. Mie nawaita watoto watano kwa siku wakati wenzao wanaandika, dakika mbili kila mmoja, kwa watoto 70 ni siku 14 za skuli, hazitimii wiki tatu. Nna daftari langu, kila mtoto ana mstari wake, naandika tarehe na pale alipokwama, naandika silabi yenyewe, siandiki "dhaifu" mana dhaifu hainisaidii kitu kesho yake.

Haya, umeshajua nani hajui. Unaanzia wapi? Kiswahili kina huruma kwa mtoto, irabu zetu ni tano tu na a ni a popote utakapoikuta, haibadiliki kama kwenye Kiingereza, kwa hiyo ukishaziimarisha silabi umemaliza nusu ya safari. Lakini usimwage silabi zote kwa mpigo. Mie naanza na m, k, t na b. Konsonanti nne mara irabu tano ni silabi 20, ongeza irabu zenyewe peke yake unapata kadi 25, na kwa silabi 25 hizo mtoto keshaweza kusoma mama, baba, kaka, bibi, kuku, bata, kiti, moto, tamu, boti, kobe, kima, taa. Maneno ya kweli yenye maana tangu wiki ya mwanzo, si ba be bi bo bu mpaka mwezi uishe na mtoto hajasoma hata jina la kuku.

Kadi natengeneza kwa maboksi ya tambi na biskuti, waombe wenye maduka wanatoa tu, kata vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, andika kwa makapeni nyeusi herufi ndogo. Nasema ndogo makusudi, kuna watu wanaandika zote kubwa KU KU halafu wanashangaa mtoto akifungua kitabu haijui ku.

Mchezo wenyewe. Watoto sita mpaka wanane juu ya mkeka, kadi katikati, mmoja anataja neno wenziwe wanajenga. Rahisi eh? Siku ya kwanza nilovyoufanya ilikuwa vurugu, wajuaji wawili walizoa kadi zote wakajenga wao, wengine wamekaa kama wageni arusini. Siku ya pili nikabadilisha sharti, kila mtoto kadi tatu zake mwenyewe mkononi, kama mtu aloshika karata, na hakuna ruhusa kugusa ya mwenzako. Hapo ndo nikaona ajabu. Neno lilikuwa "bata", ta ipo kwa mmoja wa wale wajuaji na kaitoa mbio mbio, ba hakuna. Kimya. Wanatazamana. Kumbe ba kashika kijana mmoja wa pembeni, haongei huyo, na mie nilishamweka moyoni kuwa hajui kitu. Wenziwe hawawezi kumnyang'anya kwa sababu ya sharti, wakaanza kumwambia "tazama zako, tazama zako, baaa, baaa", akazitazama moja moja, mdomo unacheza, akaitoa ile ya pili taratibu akaisogeza mbele ya ta. Walipiga kelele utadhani timu imefunga bao. Wiki ile yote alikuwa anataka kukaa mkeka wa mbele.

Wakishazoea weka chenga, kadi mbili zinazofanana kidogo, ki na ti, bo na ko. Na ukiwa na mchanganyiko wa maneno yenye maana na yasiyokuwepo waambie wachambue, maneno huku, taka kule, kama wanavyochambua karafuu nyumbani kutoa makonyo. Mtoto wa Pemba humwelezi mara mbili kuchambua.

Baada ya hapo nenda n, l, s, p, w, y, halafu yale ya kuunganisha mb, nd, nj, ny, sh, ch. Hizi sitozielezea sana, njia ni ileile. Ila ng na ng' zitakutoa jasho, ngoma na ng'ombe. Usielezee kile kikoma cha juu kwa maneno mengi, wafanyishe masikio kwanza, sema ngoma, ng'ombe, ngazi, ng'ambo, nguo, na wao wakisikia ile ya ng'ombe washike pua. Wakimaliza kucheka ndo uwaoneshe inavyoandikwa.

Hapa nataka niseme jambo la lugha yetu mana naona linawaumiza watoto bure. Mtoto wa huku nyumbani anasema nkono, nnazi, ntoto, nti. Anakuja skuli kitabu kinasema mkono, mnazi, mtoto, mti. Kiswahili cha vitabuni kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, kile walichokishika kwenye kamati ya kusanifisha lugha ilounganisha nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930, sisi Kipemba chetu kikabaki nyumbani. Sawa. Lakini kuna mwalimu namjua (simtaji) alimpiga msalaba mwekundu mtoto alokuwa kaandika "ntoto kaanguka nnazini", ukurasa mzima mwekundu. Jamani! Mtoto huyo kasikia sauti akaipatia herufi yake sawasawa, n ile kaisikia kweli kinywani kwa mamake, yani hiyo ndo ishara kuwa keshaanza kujua kazi ya herufi. Mie namsifu kwanza, halafu nagawa ubao mara mbili, upande mmoja naandika KINYWANI upande wa pili KITABUNI, nkono huku mkono kule, na watoto wenyewe wanatafuta mengine nyumbani wanakuja nayo kesho. Hakuna alochekwa na hakuna aloambiwa kwao hawajui kusema.

Na kuna pahala sisi tuna faida. Dh, th, gh, kh, zinawasumbua watu wengi, wanakwambia zambi na selasini, watoto wetu wanazitamka vizuri sana mana chuoni wameshazipata dhal na tha na ghain na kha. Kwa hiyo nikifika hapo nauliza tu, "ile sauti ya maalim wenu ya ghain, kwa huku tunaiandikaje?" dakika tano somo limekwisha. Kitu kimoja cha kuangalia, kule wanasoma kuanzia kulia na huku kushoto, darasa la kwanza mwezi wa mwanzo utamkuta mtoto anaanza mstari upande wa kulia, asigombwe, mchoree nyota ndogo ya kijani pembeni kushoto kwenye kila mstari, nyota ndo pa kuanzia, baada ya wiki mbili haihitaji tena.

Vitabu sasa. Elimu bure ilitangazwa 1964 na watoto tunao wengi, alhamdulillah, ila vitabu havijawahi kuwatosha. Mie nilikuwa na 14. Watoto watano kitabu kimoja. Wengi tunawaweka duara kitabu katikati, na hapo ndo nilijifunza jambo nililokuwa silijui, anayekaa upande wa pili anajifunza kusoma kitabu kikiwa juu chini! Wallahi nilikuwa na mtoto anasoma vizuri kitabu ukikipindua, ukikiweka sawa anakwama. Kwa hiyo wote wakae upande mmoja, watatu mbele wawili nyuma yao wamesimama au wamepiga magoti, na kila siku wabadilishane. Mmoja anasoma, mmoja anashika chelewa anafuatisha neno kwa neno (chomoa kwenye ufagio, nyembamba haifuniki maandishi kama kidole), walobaki kazi yao kukamata kosa. Anayekamata kosa anapokea chelewa. Bila kazi hiyo ya kukamata kosa hao watatu watakuwa wanachungulia dirishani, na weye usiwalaumu.

Maneno marefu yana mtihani wake. Kiswahili chetu kinaunga, nimekuletea ni silabi sita kwa pumzi moja, mtoto anasoma nime halafu anabuni. Nalikuza neno ubaoni kama mti: leta, letea, kuletea, mekuletea, nimekuletea, kila mstari umeongeza kipande, wanasoma kushuka chini halafu kupanda juu. Yale mekuletea hayana maana peke yake na watoto watakwambia, waache wakwambie.

Hadithi je? Hapa ndo pametamu. Vitabu 14 vikishasomwa mara mbili vimekwisha, kwa hiyo tunajitengenezea vyetu. Nyuma ya kalenda za zamani kuna karatasi nzuri nyeupe kubwa. Nasema "Paukwa!" wanajibu "Pakawa!" halafu mtoto mmoja anasimulia kitu cha jana yake, naandika alivyosema, sipambi. Msimu wa karafuu mmoja kanipa hii:

Karafuu zimeanikwa. Mvua ikaja. Mama akaita. Sote tukakimbia. Mbuzi akabaki anarowa.

Maneno kumi na moja tu na ni hadithi kamili, tena ina mbuzi (mbuzi wananifuata mie). Kila mtu darasani ameshawahi kukimbilia jamvi mvua ikija kwa hiyo hakuna asiyeielewa. Tuliisoma, tukaikata vipande kila sentensi kipande chake, nikavichanganya, makundi yakapanga upya. Kundi moja wakaweka mbuzi mwanzo na mie nikataka kuwasahihisha, nikanyamaza, nikawauliza kwa nini, wakasema mbuzi alianza kurowa ndo mama akajua mvua inakuja. Haya, utasema nini hapo. Na maswali yako yasiwe ya "nani aliita?" tu, hilo jibu limeandikwa, uliza "kwa nini mama kaita na hakuja kuanua peke yake?" Mtoto ajibu kuwa karafuu zikirowa zinaota ukungu na bei inaanguka, jibu hilo halimo kwenye karatasi, limo kichwani mwake, na kusoma ni kuvikutanisha hivo viwili.

Pia muite bibi wa mtaani aje asimulie. Nenda kwao mwenyewe, usimtume mtoto. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kuna kheri?" Mwambie unataka watoto wasikie hadithi za zamani, atakwambia kazisahau, usiondoke, kunywa chai, kabla hujamaliza kikombe atakuwa keshaanza ya sungura. Vitendawili navyo ni vizuri kwa kusoma, andika kitendawili kwenye kadi na jibu kwenye kadi nyengine, gawa, kila mtoto atafute mwenzake. Kuku wangu katagia mibani, anazunguka nayo huku anasoma za wenziwe mpaka akutane na nanasi.

Siku za masika mwajua wenyewe, mvua ikipiga bati hata ukipiga kelele hausikiki, walimu wengi wanawaacha watoto walale juu ya madawati. Mie naifurahia. Nasimama ubaoni sisemi, naandika "Simama." Anayesoma anasimama. Naandika "Gusa sikio la kushoto." "Mpe mwenzako kalamu." "Asiyekuwa na kofia apige makofi." Hapo hakuna wa kumsikiliza na kufuata, ijapokuwa wengine watamuigiza jirani, na mie nawaona waziwazi nani anasubiri nani. Naandika majina kwenye daftari.

Jengine fupi, maandishi yapo kila pahala, kibao cha gari Chake – Konde, mfuko wa unga, pakiti ya sabuni, jina la boti. Waambie kila Jumatatu waje na neno moja waloliona njiani. Basi.

Mtoto akikwama muda mrefu usikimbilie kusema kichwa kizito. Mtazame macho. Anakunja uso akitazama ubao? Anasogeza daftari mpaka linagusa pua? Mlete mbele, na uwaambie wazazi wampeleke hospitali akapimwe. Ukimwita kwa nyuma hageuki? Masikio hayo. Na wale wa zamu ya mchana wengine wanakuja wameshatoka chuoni, njiani hawakula kitu, silabi mpya usiwape saa nane na nusu jua kali, wape hadithi.

Kuhusu wazazi, mama mmoja alikuja akakaa kibarazani akanambia, "Mwalimu, mie mwenyewe sikusoma, ntamsaidia nini?" Nkamuuliza jioni anafanya nini, akasema anasuka ukili. Nkamwambia basi, mwambie akae ubavuni akusomee weye unasuka, kazi yako ni moja tu, akinyamaza umuulize "enhe, ikawaje?" Baada ya siku kadhaa mtoto kaja kuomba karatasi nyengine ya hadithi, ati mamake kamwambia ile ya karafuu keshaichoka.

Mwisho kuhusu kuhifadhi, si sura, kadi. Mwaka wa kwanza nilibandika karatasi juu ya boksi kwa uji wa unga wa ngano, nikazifunga kwa mpira nikaziweka kabatini, likizo ikaisha narudi nakuta panya kala zote zenye a na e, sijui kwa nini kaziacha za u. Sasa naandika moja kwa moja juu ya boksi bila gundi ya unga, na nazitia kwenye makopo ya maziwa yenye vifuniko, kila kundi kopo lake, na nje ya kopo nimeandika idadi, 25, mana mtoto akienda nyumbani na kadi ya ba mfukoni kesho yake hakuna bata.